Komeo

Dalali Semboja ana funguo nyingi kuliko milango.
Amenionyesha Raskazone, amenionyesha Sahare,
amenionyesha dari ya jipsamu iliyochongwa maua.
"Masta hii, dada, na maji hayakatiki."
Anafungua bomba. Linakohoa, linatema kutu,
analifunga haraka kama aliyekatiza siri.

Namuuliza: watoto wa mtaa huu wanasoma wapi?
Anaitazama dari. "Wapo tu. Wanasoma."

Barua ya ukurasa mmoja
imenitoa Tukuyu, kwenye mvua na migomba,
nije Bombo niwapime wagonjwa damu
na jasho la Tanga linipime mimi.
Haikusema neno juu ya Tusekile,
miaka tisa, darasa la tatu,
anayefunga sweta kiunoni mpaka leo
ili baridi isije ikamsahau.

Basi nikaacha kukagua nyumba, nikakagua kengele.
Saa nne asubuhi, saa ya uji,
nasimama nje ya uzio kama mwizi wa mihogo
nahesabu: matundu ya choo, ndoo, fimbo.
Mama mmoja wa Chumbageni aliniambia, "Tazama matokeo."
Muuza chapati wa Mabawa, "Tazama viatu."
Semboja, "Tazama kodi, dada, miezi sita mbele.
Mengine mtoto atayasoma mwenyewe."

Ile yenye ukuta na geti la bluu
imebandika wastani wake mlangoni kama bei ya nyama.
Mwalimu mkuu akanipa kiti, akanipa fomu,
akaniambia hapa kelele ni mwiko.
Kweli. Watoto mia nne walikuwa mapumziko
na nikamsikia kunguru akitembea juu ya bati.
Tusekile akanifinya kiganja mara mbili.
Kwetu sisi maana yake: twende.

Ya pili iko Duga, nyuma ya mashine ya kusaga,
unga umetua kwenye nondo za madirisha.
Watoto themanini na saba, chumba kimoja
(nilihesabu, nikapotea, nikaanza upya),
dawati moja wanne, wa nne nusu yake iko hewani.
Mwalimu Mwanakombo kamsimamisha mvulana ubaoni:
saba mara nane, kaandika hamsini na nne.
Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, wala hakuinua mkono.
"Umefikaje hapo? Hebu tupitishe njia uliyopita."
Mtoto akatupitisha, polepole,
mpaka pale alipojikwaa, akajiona mwenyewe.
Mimi dirishani, unga viganjani,
nikamkumbuka mwalimu wangu wa hesabu, na magoti yangu.

Tusekile alikuwa na swali moja tu.
Aliliuliza kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili,
asije akakosa jibu:
"Choo cha wasichana kina komeo?"
Mwalimu hakunitazama mimi. Alimtazama yeye.
"Lilikuwepo. Lilivunjika Machi. Tumeandika barua."
"Sasa mnafanyaje?"
"Mmoja anaingia, mmoja anashika mlango."

Nyumba ya Duga ni vyumba viwili, dari hakuna.
Jirani akikoroga chai nasikia kijiko.
Semboja amenuna, udalali wake umenyauka.
Baba Tusekile kwenye simu, kutoka Mbeya:
"Watoto themanini na saba?"
Ndiyo, namwambia, na wetu wa themanini na nane.
Hapo sina la kuongeza.
Kimya kinakula salio.

Jumamosi, duka la vifaa, Barabara ya Nane.
"La shaba au la chuma?"
La chuma. Na skrubu zake.
"Mangapi?"
Tusekile ananiwahi: "Mawili."
Analichukua moja, analishikiza ukutani,
anajikunja magoti afupike,
analishusha kidogo, tena kidogo.
"Hapa," anasema. "Darasa la kwanza wafike."